Mshipi Mzito wa Fundi wa Mabomba

Kabla ya kukusalimu aligonga bomba kwanza. Ukimfungulia mlango hakutazama uso wako. Alitazama ukuta, akatafuta mahali bomba linapotokeza, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha kichwa kusikiliza. Akiridhika ndipo alipokugeukia na kusema, "Jambo, mama." Mke wangu hakumsamehe kwa hilo hata siku moja. "Ule muntu anaheshimu chuma kupita bantu," alikuwa akisema, naye alisema hivyo huku ameshika ndoo iliyojaa, maana bila mtu huyo kambi nzima isingekuwa na maji.

Ilikuwa kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya serikali, hapa Likasi, na duka langu lilikuwa nje kidogo ya lango, mahali ambapo wanaume walipita asubuhi wakienda kiwandani na jioni wakirudi wamepauka vumbi. Sisi ni watu wa Kasongo kwa asili, Waislamu, babu yangu alifika huku kwa biashara. Wateja wangu wengi walikuwa Wakatoliki wa kila kabila, na hakuna aliyejali mradi chumvi ilikuwa chumvi. Yeye walimwita Plombier, yaani fundi wa mabomba. Jina lake nililijua, lakini sitaliandika. Wakati ule serikali ilipowataka Wakristo waache majina yao ya ubatizo na kuchukua ya kiasili, alichukua jipya kama wenzake, akalivaa wiki chache, kisha akatangaza dukani kwangu kwamba amechoka. "Plombier inatosha," alisema. "Ile hakuna mwenye atainyanganya."

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mikono imejaa makovu meupe ya risasi. Sisemi risasi za bunduki, nasema yale madini laini ya kijivu ambayo mafundi wa zamani waliyayeyusha kuzibia maungio ya mabomba. Kila bomba la zamani alilolitoa, alikwangua risasi yake akaitia mfukoni, na suruali yake ilining'inia upande mmoja kwa uzito. Watoto walimcheka. Alikuwa amefiwa na mkewe mapema na hakukuwa na mtu wa kumwambia avae mshipi wa suruali.

Nikimkumbuka, nakumbuka kwanza jinsi alivyokuwa kinyume chake mwenyewe. Alitengeneza bomba la kila mtu, na bomba la nyumbani kwake lilivuja miaka nenda miaka rudi, limefungwa kitambaa. Aliishi kwa maji, na aliogopa maji. Mtoni hakuingia zaidi ya vifundo vya miguu, na mtumbwi hakuupanda hata kwa kuombwa. Alikichukia chama kimoja kile tulichokuwa nacho, na asubuhi za Jumamosi, wafanyakazi walipokusanywa kuimba na kucheza kumsifu Kiongozi, hakuna aliyecheza vizuri kumshinda. Niliwahi kumuuliza jambo hilo, kwa sauti ya chini, nikimpimia sukari.

"Mwili yangu inapenda ngoma," alinijibu. "Ntafanya nini? Minye sikuimba, ni miguu tu."

Na alivua samaki. Hapo ndipo nilipomjua hasa, kwa sababu mimi ndiye niliyemuuzia uzi wa nailoni na ndoana. Wavuvi wengine walikuja kutaka ndoana kubwa kubwa, kila mmoja akiwa na samaki kichwani ambaye hajamwona. Yeye alitaka ndogo kuliko zote, zile ambazo kwa kweli niliagiza kwa makosa na hakuna aliyezigusa. Alizichagua moja moja akizijaribu kwenye kucha ya kidole gumba, na aliniacha na mafungu mawili ya ndoana kaunta nzima, hizi anazotaka na hizi nimuuzie mjinga mwingine.

Nilifuatana naye ziwani mara kadhaa. Nilikuwa nikienda Mwadingusha kununua samaki wakavu, na yeye alidandia gari la kampuni lililowapeleka wafanyakazi wa bwawa la umeme, maana kule pia kulikuwa na mabomba na kila dereva alikuwa na deni la fadhila kwake. Ziwa lile limetengenezwa na watu walipouzuia mto Lufira, na sehemu zake nyingi zimefunikwa na majani yanayoelea, matete na mafunjo yaliyosukana mizizi hadi yakawa kama mkeka mnene juu ya maji. Ng'ombe angezama pale, lakini mtu mwenye akili, akitandaza uzito wake, anaweza kulala juu. Katika miezi ya baridi perege wadogo hukimbilia chini ya mkeka ule na kutulia karibu na matope. Wenye mitumbwi na nyavu walizunguka nje wakalalamika kwamba ziwa limekwisha.

Yeye alikuwa na mlango. Ndiyo, mlango wa mbao, aliung'oa chooni kwake akakitundikia choo gunia badala yake. Aliuacha kwa wavuvi wa pale ufukweni, na kila alipofika aliusukuma juu ya majani, akalala juu yake kifudifudi, na kwa panga akakata tundu la upana wa sahani kwenye mizizi. Humo ndimo alimoteremsha mshipi wake.

Mshipi wenyewe ulikuwa hivi. Juu alifunga kipande cha risasi alichokiyeyusha mwenyewe, kirefu kama kidole na chenye ncha, kile ambacho wavuvi wa pwani wanakiita chubwi. Chini ya chubwi, si juu yake kama wengine walivyofanya, alifunga kijiuzi chembamba sana, kifupi, urefu wa kiganja, na mwisho wa kijiuzi ile ndoana ndogo yenye kipande cha nyungunyungu. Ndoana nyepesi peke yake ingenasa kwenye mizizi na kubaki hapo. Chubwi lilipasua njia moja kwa moja hadi chini, na kijiuzi kikalifuata nyuma. Alipohisi limegusa matope, alilisubiri litulie, akaliinua kidogo tu, ili lenyewe likae wima bila kutikisika na kile kijiuzi kicheze huru. Samaki wale wana midomo ya aibu, hawavuti, wananyonya. Lakini kwa kuwa uzito wote ulikuwa juu yao na umetulia, hata kunyonya kule kulipanda kwenye uzi hadi kwenye kidole chake.

"Ile muzito inafungula njia," alinieleza siku ya kwanza, shavu lake likiwa juu ya mbao za mlango. "Ile kadogo njo inakula. Sasa weye nyamaza."

"Sijasema neno."

"Unapumua sana."

Hakuruhusu Kifaransa kizungumzwe pale, akisema samaki wanakisikia. Nilidhani anatania, mpaka alipomfokea mhandisi mmoja kijana aliyekuja kutusalimu. Aliamini hivyo kwa moyo wote. Mambo aliyoyaamini kwa moyo wote yalikuwa machache, na hilo lilikuwa mojawapo.

Mtu aliyempenda kuliko wote duniani alikuwa mdogo wake. Wazazi wao walikufa mapema, akamlea yeye mwenyewe, akamsomesha, akamwombea kazi ya udereva wa lori pale pale kampunini. Mdogo mtu alikuwa mrefu, mwenye kucheka sana, asiyeweza kukaa na kitu. Alipoteza fungulo ya nyumba mara nyingi mno hata kaka yake akamtengenezea pambo lake, kipande cha risasi cha umbo la yai, kizito, kilichofungwa kwenye fungulo kwa waya ili ikianguka aisikie. Kisha akapenda wazo lake mwenyewe akawafungia ndugu wote. Mpaka leo kuna familia Likasi zenye fungulo nzito hivyo, na wajukuu hawajui kwa nini. Mdogo wake alichukia samaki. Alisema harufu yake inamkaa kwenye nguo. Nataka ulikumbuke hilo.

Wakati wa vita vya Shaba, kama jimbo letu la Katanga lilivyoitwa siku zile, wale waliokuwa upande wa pili wa mpaka waliporudi na bunduki na kushindwa, tukabaki na miezi ya kutazamana. Kila aliyekuwa na ndugu aliyekimbia, au aliyesema neno baa, au aliyeendesha lori kwenda mahali fulani siku fulani, alikuwa na sababu ya kulala na viatu. Asubuhi moja gari aina ya jeep ilisimama mbele ya nyumba ya yule dereva, mdogo wa Plombier. Wanaume wawili walioshuka waliongea kwa adabu. Walimwambia wanamhitaji dakika kumi. Mkewe alikuwa anapepeta unga mlangoni, aliwaona uso kwa uso.

Hakurudi. Siku zikapita, kisha akaja mtu kutoka ofisi moja mjini, ofisi ambayo hatukuitaja wakati ule na sina hamu ya kuitaja sasa, akasema yule dereva alikwenda kuvua Mwadingusha akazama. Alileta koti lake, lile abacost la kijani alilovaa asubuhi ile. Limekutwa ufukweni, alisema, limekunjwa vizuri.

Sote tulijua. Mtu asiyevumilia harufu ya samaki, asiyewahi kukunja hata shati, amekwenda kuvua na kukunja koti. Sote tulijua, na tulikwenda kwenye msiba, tukakaa, tukasema maji ni adui. Nami nilikuwepo. Nilipeleka mchele na kahawa, nikamshika mkono Plombier nikamwambia pole, maji hayana huruma. Alinitazama kama bomba ambalo amesikia kitu ndani yake.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe, na inabidi nilieleze kwa sababu nje ya ukoo wao watu hawakulielewa. Kwao kilio hakiondolewi hivi hivi. Mjane huvaa nyeusi, hasuki nywele, haendi sokoni kuuza, hapokei mkono wa mtu kwenye sherehe, mpaka mume wake azikwe na mkubwa wa ukoo aseme neno la kumfungulia. Mtu aliyezama na asipatikane, lazima kitu kimoja chake kitoke majini, kitu alichokuwa nacho mwilini, kizikwe badala yake. Koti lililobaki nchi kavu halikutosha. Na mkubwa wa ukoo alikuwa Plombier.

Mjane alikuwa bado msichana, mtu wa huku huku Katanga, na watoto wawili. Neno la shemeji yake ndilo lililobaki kati yake na maisha yake. Lakini neno hilo lilikuwa na ncha mbili. Akisema mdogo wangu yuko ziwani, amekubali kwa mdomo wake mwenyewe uongo wa wale wanaume wawili. Akisema hayuko ziwani, kesho jeep itasimama kwake. Kwa hiyo hakusema lolote. Alikwenda ziwani.

Alikwenda kila Jumapili baada ya misa, mahali pale pale waliposema koti limekutwa. Watu wa kambi walisema huzuni imemfanya mvuvi zaidi, na kweli mwanzoni alirudi na samaki, akawapelekea watoto wa mdogo wake. Kisha samaki wakapungua. Siku moja niliyofuatana naye nilikaa ufukweni nikimtazama amelala juu ya mlango wake, na alipovuta mshipi niliona chubwi likining'inia peke yake. Chini yake hakukuwa na kijiuzi wala ndoana. Alisogeza mlango hatua moja, akakata tundu jingine, akateremsha tena ule uzito mtupu, akagusa chini, akasikiliza, akainua, akasogea.

Aliporudi nchi kavu nilimuuliza, ingawa nilijua sina haki.

"Unatafuta nini, ndugu yangu? Weye unajua haiko mule."

Alikaa kwanza akakamua maji kwenye mikono ya shati. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, au kwa kuogopa lile ziwa.

"Kama eko, nimupate," alisema. "Kama haiko, nijue minye mwenyewe na mikono yangu. Hapana juu ya ile banatuambia."

"Na ukishajua?"

"Weye unauzisha ndoana," alinijibu. "Uzisha ndoana."

Nilikasirika, nakiri. Leo naelewa kwamba nilitaka aseme kitu kwa niaba yetu sote, ili sisi tuendelee kunyamaza.

Alikuwa mgumu katika miaka hiyo. Aligombana na padri juu ya bomba la parokia, akalitengeneza vizuri kisha akakataa kuingia kanisani kwa majuma. Kwenye ngoma za Jumamosi aliendelea kucheza, kwa sababu kuacha kungeonekana, na miguu ilikuwa miepesi kama zamani ila macho yalikuwa ya mtu aliyesinzia. Kwa wale watoto alikuwa laini kupita kiasi. Kwa mama yao hakuzungumza zaidi ya salamu. Watu walisema anamchukia. Wengine walisema kinyume, kwamba anangoja tu kilio kiishe amrithi, maana kwa desturi yao mke wa marehemu anaweza kupewa kaka yake, na kaka mwenyewe hana mke. Wazee wa ukoo walipokuja kwa treni kutoka Kasai ndivyo walivyotaka hasa. Walikaa nyumbani kwake wakiogopa gunia la chooni, wakamsukuma kila siku: leta kitu kutoka majini, zika, chukua mwanamke wako.

Mjane alikuja dukani siku hizo kununua chumvi. Mwalimu mmoja aliyesomea shule ya misheni ya Mulungwishi naye alikuwa haishiwi sababu ya kuja kununua chaki zilizokuwa zinapatikana shuleni bure. Aliposimama karibu na yule mwanamke aliyevaa nyeusi tupu kuanzia kitambaa hadi viatu, alisahau alichotaka. Mwanamke aliinamisha macho. Siku moja, mwalimu alipokwisha kutoka, mwanamke aliniambia taratibu bila mimi kumuuliza.

"Ile neno siombi tena. Ba Plombier banipatie mayi ya kunywa tu, basi. Nitakufa na hii nguo."

Hakuwa analaumu. Alisema kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Nilimwambia Plombier maneno yale kama yalivyo, sikuongeza chumvi yangu. Alinunua kipande cha sabuni akaenda.

Jumapili iliyofuata alirudi kutoka ziwani mapema. Hakupita kwake, alikuja moja kwa moja hadi dukani, akaniomba nifunge na nifuatane naye, kwa sababu mimi si wa ukoo na neno langu halitakuwa na upande. Wazee walikuwa wameketi uani kwa marehemu. Mjane alikuwa kwenye kizingiti. Plombier aliingiza mkono mfukoni, akatoa fungulo iliyofungwa yai la risasi.

"Imetoka chini," alisema. "Imenaswa mu muzizi."

Mjomba wao mkubwa hakuwa mtu wa kudanganyika. Aliichukua, akaenda mpaka mlango wa nyumba, akaiingiza kwenye kitasa. Mlango ukafunguka. Wanawake walianza kulia. Kisha mzee akanipa mimi, akauliza kama ndiyo yenyewe. "Muzee wa duka, weye ulikuwa unaona ile fungulo yake kila siku. Njo yenyewe?"

Niliishika. Mimi nauza risasi za wavuvi, najua inavyokuwa ikikaa majini, inavaa ukoko mweupe, inakuwa kama imepakwa chokaa. Hii ilikuwa imesuguliwa matope na bado shingoni, pale waya unapopita, iling'aa kama kijiko kipya. Mtu aliyeng'oa kitasa akachonga fungulo inayokienea, akayeyusha yai jipya, alikuwa amesimama mbele yangu mikono nyuma. Hakunikonyeza wala kuniomba kwa macho. Alinigonga tu kwa ule utazamaji wake, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Njo yenyewe," nilisema.

Yule mwanamke kizingitini alipiga kelele moja akaanguka, na kilio chake kilikuwa cha kutisha. Nilijiambia, masikini, ameamini.

Walizika fungulo ile kwenye kisanduku kidogo, padri akasoma, udongo ukarudi. Baada ya hapo, kwa utaratibu wao, mkubwa wa ukoo alipaswa kumshika mjane mkono na kuingia naye ndani. Plombier alimpaka unga mweupe kwenye paji la uso kama inavyotakiwa, akamvua kitambaa cheusi, kisha akarudi nyuma.

"Minye njo mwenye neno," aliwaambia wazee, "na neno yangu njo hii. Muke wa mudogo wangu haiko wangu. Enda, mama. Suka nywele."

Wazee walikasirika vibaya. Wengine walisema amemdharau marehemu, wengine kwamba amefilisi ukoo, na waliondoka kwa treni bila kumuaga. Mwanamke aliolewa na yule mwalimu, na watoto wote wakakua. Plombier alimaliza kazi yake ziwani siku ile. Mlango ulirudi chooni. Aliniachia ndoana zangu ndogo, na mpaka ninapoandika bado ninazo. Nilidhani amepumzika. Lakini nilimwona alivyokuwa akipita mbali na kaburi lile, akizunguka njia nzima ya makaburini, na nikaelewa alichokilipa. Alikuwa amesema mbele ya watu, kwa mdomo wake, kwamba mdogo wake yuko ziwani. Wale wanaume wawili walikuwa wameshinda, na yeye ndiye aliyewapa ushahidi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa stesheni ya Likasi. Kiongozi alikuwa bado yupo lakini amezeeka, kampuni imechoka, na siasa ya jimbo ikageuka mpaka watu wenye asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao, hata wale ambao hawajawahi kuiona hiyo Kasai. Plombier alikuwa mmoja wao. Watu walijaa stesheni na familia zao, wakilala nje, wakingoja treni isiyokuja, wengine wakizika watoto wao pale karibu na reli. Nilikwenda mchana na mikate. Nilimtafuta muda mrefu katika moshi wa majiko, na nilichokiona kwanza ni mlango. Alikuwa ameuleta. Ameuweka juu ya matofali kuwa kitanda chake, na amekaa juu yake, mzee sasa, suruali bado imelala upande mmoja. Kando yake palikuwa na bomba la stesheni alilolifufua kwa ajili ya wenzake.

Aliligonga kwanza. Kisha akanisalimu.

Tulikuwa hatujamaliza kula mkate alipofika yule mwanamke, sasa mke wa mwalimu. Alikuwa amenenepa, amevaa kitenge cha njano, nywele zimesukwa, sufuria kichwani. Hakuogopa askari waliokuwa wakizunguka pale, wala macho ya watu wa kabila lake mwenyewe. Alitua sufuria, akapiga magoti kumsalimu kama mkwe, akamwandalia bukari, ule ugali wa huku, na samaki. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akaweka kitu kwenye kiganja cha mzee.

Ilikuwa fungulo. Waya wake ulikuwa umeshika kutu, na yai la risasi lilikuwa limepoteza mng'ao wake wote, kijivu cha vumbi, limejaa alama za meno ya watoto waliolichezea.

Plombier aliipima mkononi. Hakuhitaji kuitazama.

"Aliiacha pa meza," mwanamke alisema. "Asubui ile. Alisema narudia sasa hivi, fungulo ya nini. Minye niliificha mu unga."

"Basi ulijua," alisema Plombier. "Siku ya kuzika. Ulikuwa unajua."

"Nilijua, baba."

"Na ile kilio yote?"

"Ilikuwa ya kweli. Niliona bile ulijitesa juu yangu. Nililia weye."

Mzee aliinamisha kichwa juu ya ile fungulo. Nilitaka kuondoka nikashindwa. Alipoinuka alisimama juu ya miguu yake, akashika ukingo wa ule mlango, na akasema kwa sauti ya kawaida, ile sauti ya kumwambia mama wa nyumba kwamba bomba lake limepona, lakini kila mtu aliyekuwa karibu alisikia.

"Mudogo wangu hakukufa mu mayi. Bantu wawili bamubeba na jeep. Hakuzama."

Mama mmoja aliacha kukoroga sufuria yake. Askari aliyekuwa karibu na bomba aligeuka, akatutazama. Kisha yule askari, kijana ambaye asubuhi ile ya jeep nadhani alikuwa bado mtoto mdogo, aliinama akanywa maji, akafuta mdomo, akaenda zake.

"Sema tena, baba," mwanamke alimwambia.

Akasema tena.